Maji Yasikatike: Maisha ya Mama Fortunée Kalenga wa Katumbwe (1963–2025)

Ndugu, jamaa, marafiki, nanyi nyote mliopanda kilima hiki kwa miguu, poleni na safari na poleni na msiba. Kelele mnayoisikia juu ya vichwa vyetu ni ya mashine yetu ya upepo. Tunajua wengine wenu mmeshtuka, na wengine mmeanza kunong'ona kwamba watu wa Katumbwe wamekosa adabu, wanamzika mama yao huku mashine inazunguka kama siku ya soko. Haya, nong'oneni, lakini msikilize mpaka mwisho. Si dharau. Marehemu mwenyewe aliomba iwe hivi, na ilibaki kidogo tu anyimwe.

Mama Fortunée alizaliwa Pepa, kwenye milima ya Marungu, tarehe 14 Septemba 1963. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Alphonse Kalenga, mchungaji wa ng'ombe, na Mama Henriette, ambao wote wametutangulia. Papa Alphonse alipenda kusimulia kwamba binti yake alizaliwa siku upepo ulipoezua jiko lao, na kwamba alilia kwa nguvu hata bati likilia halikusikika. Kama ni kweli, hatujui. Mzee yule alikuwa fundi wa kutia hadithi chumvi. Ila sauti hiyo wote tuliisikia, na tuliokosea mbele yake tuliisikia zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Pepa, akamaliza mwaka 1976, akapelekwa Moba kwa masista kuendelea na sekondari. Alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1978 mama yake alifariki kwa uzazi, na Fortunée akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake, akiwemo huyu Nicolas anayewasomea sasa, ambaye wakati ule hata meno hakuwa nayo. Hakurudi shuleni tena. Hakupenda kuulizwa habari hiyo. Ukimwambia kwamba kwa akili zile angekuwa daktari, alikujibu, "Na wewe ungekuwa umekufa na njaa. Kula."

Wadogo zake walipokua, aliingia biashara. Alishusha maharagwe ya Marungu mpaka Kalemie, akapandisha ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ni hapo sokoni Kalemie alipokutana na Emile Mwamba, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Walifunga ndoa takatifu Kalemie tarehe 9 Agosti 1986. Mungu aliwajalia watoto watatu: Angélique, Doudou na Mamie. Vita vilipofika mwaka 1998 walivuka ziwa wakakimbilia Kigoma, na Mamie akazaliwa kambini mwaka 2000. Walirudi mwaka 2005, wakajenga hapa Katumbwe, kijiji cha akina Emile. Wengine walijenga chini karibu na ziwa. Yeye alisema amechoka kukaa mahali ambapo haoni nani anakuja.

Wenye umri wanakumbuka kilima hiki kilivyokuwa bila maji. Wanawake walishuka mtoni na kupanda na ndoo kichwani, na karibu kila masika kipindupindu kilipita kikachagua watu. Mwaka 2014 shirika moja lilitupa shauri la mashine ya upepo, ivute maji kutoka kisimani mpaka kwenye tanki, na umeme unaobaki uwashe taa za materniti, pale wamama wanapojifungulia. Walitoa sharti moja: mashine iwe mali ya kijiji, isiwe ya mfumu, chifu wetu, wala ya misioni wala ya mwenye pesa. Kila nyumba ilibeba mawe na mchanga wa msingi, kila nyumba ikapewa sauti moja katika mkutano na zamu yake ya kuilinda mashine na kuipaka grisi. Ilianza kuzunguka tarehe 12 Julai 2015, na Mama Fortunée akachaguliwa prezidanti wa komite.

Pale chini ya mnara kuna mkono wa chuma. Ndiyo freni. Dhoruba ikija unauvuta, mashine inasimama, isije ikavunjika. Mkono huo unafungwa kwa kufuli, na ufunguo wake Mama Fortunée aliufunga kwenye pindo la kitenge chake tangu siku hiyo. Alikwenda nao shambani, kanisani, mpaka kitandani. Papa Emile alimtania mbele za watu, "Nilioa mwanamuke mumoja, sasa niko nalala na komite nzima." Nyumba iliyokimbia zamu yake, Mama aliiendea mlangoni na kopo la grisi mkononi. "Mutaipaka leo, ao mutaikula na bukari?" Waliipaka, maana grisi si mboga ya ugali.

Siku moja ya Pentekoste misa ilisaliwa hapa nje, na upepo ukawa unageuza kurasa za vitabu. Katekista akaomba kwa sauti, Bwana atulize upepo. Mama Fortunée akainua mkono kutoka mstari wa wamama. "Hapana, Katekista. Hiyo ombi komite haijaikubali." Padri alicheka mpaka akashika altare. Tunaikumbuka siku hiyo kwa sababu siku zilizofuata hazikuwa na kicheko kingi.

Wageni wetu, mila ya hapa ni hii. Mtu akifa, mpaka azikwe, hakuna kinu kinachotwangwa, hakuna jembe, hakuna redio. Kijiji kinanyamaza naye. Mwezi wa tisa mwaka 2019 mfumu mzee alipofariki, wazee walikuja kwa Mama Fortunée wakasema mashine nayo ina sauti, basi nayo inyamaze. Alikataa. Wakamuuliza kama anamdharau mfumu. Akasema, "Na maji?" Wakamwambia tanki limejaa. Kweli lilikuwa limejaa. Alifungua pindo la kitenge, akaenda mwenyewe, akavuta freni.

Watoto wa mfumu walikuwa wanatoka Kongolo, na treni ikachelewa kama kawaida yake. Maziko yakasubiri. Watu wa kilio wakawa wengi kuliko kijiji chenyewe, wanapikiwa, wanakunywa, wananawa, na tanki likakauka. Nani angesimama katikati ya kilio cha mfumu aseme washeni mashine? Kila mmoja aliona haya, Mama Fortunée pia. Wanawake walichukua ndoo zao kimya, wakashuka mtoni kama zamani. Mamie alikuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa miongoni mwa wapishi wa wageni, na alishuka mbele ya wenzake. Aliteka maji, akayanywa pia.

Mfumu alizikwa kwa heshima zote. Kisha kipindupindu kikaingia. Hapa hatutataja majina ya wengine waliokufa, maana wamama zao wamekaa mbele yetu. Mamie alifariki tarehe 2 Oktoba 2019, kwenye mkeka wa mama yake, kabla pikipiki ya kumpeleka hospitali haijapanda kilima.

Mama Fortunée hakuwahi kusema kwamba wazee walimuulia mtoto. Laiti angesema! Angetukana, angelia, angepumua. Alisema, "Mukono wangu njo ulivuta freni," na alisema hivyo hivyo kwa padri, kwa mume wake, na kwa kila aliyekuja kumpa pole. Mwisho tuliogopa kwenda kumpa pole. Kilio kilipokwisha aliitisha mkutano wa nyumba zote, akaomba mashine isisimamishwe tena kwa kifo cha mtu yeyote. Walipiga kura, akashindwa. Walisema kipindupindu kilikuwapo kabla ya mashine. Yeye alirudi nyumbani na ufunguo wake, na ombi hilo hakulileta tena mkutanoni.

Papa Emile alifariki tarehe 17 Juni 2022. Kaka yake, Papa Banza, mkubwa wa ukoo, aliingia uani na wazee wenzake kuomba ufunguo. "Fortunée, huyu ni bwana yako."

"Ni bwana yangu," alijibu. "Na wale wanaokuja kumulilia, watakunywa nini?"

"Tutaisimamisha siku moja tu."

"Na ya mfumu mulisema vile vile."

Hakutoa. Papa Emile alizikwa mashine ikizunguka, na ukoo wake ukaondoka bila kuonja chakula. Tangu siku hiyo Papa Banza hakukanyaga uani kwa shemeji yake. Wakikutana njiani alimsalimia mbuzi aliyevutwa na shemeji yake, shemeji mwenyewe akampita bila salamu. Watu walisema mwanamke huyu hakumpenda mume wake. Msemao hivyo, hamkuwapo Angélique alipomkuta amejifunika shuka kichwani mchana kweupe, ameziba masikio. "Unafikiri mimi sikutaka inyamaze?" alimuuliza binti yake. "Nilitaka kuliko wote."

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, pumzi zikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Alichongesha ufunguo wa pili, akaukabidhi kwa Papa Blanchard, katibu wa komite, kwa ajili ya dhoruba, akamwapisha kwamba ni kwa dhoruba tu. Tarehe 28 Aprili alishushwa hospitali ya Kalemie kwa mara ya mwisho. Alimwita Angélique karibu na kitanda. "Siku yangu, muiache izunguke. Watu watakuja wengi. Wamoja watakuja kuhakikisha kama nimekufa kweli. Na hao muwape maji." Alifariki Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, saa nne asubuhi, binti yake amemshika mkono. Mwili ulibaki mjini kumngoja Doudou, ambaye alikuwa njiani kutoka Kongolo.

Habari ilipanda hapa kwa simu. Na ninyi Katumbwe mlifanya nini? Mliisimamisha mashine! Papa Blanchard aliifunga huku analia. Angélique alipopanda Jumanne kutayarisha kilio, aliinua macho akaona helisi, yale mapanga ya mashine, zimetulia kabisa. Alikaa chini njiani.

Wazee walikusanyika uani. Angélique aliwaeleza mama yake alivyoagiza. Papa Blanchard akamjibu kwa upole, "Binti yangu, tuliisimamisha kwa mapendo. Kama hatuisimamishi kwa yeye, tutaisimamisha kwa nani?" Wazee wakaitikia. Mmoja akasema Fortunée amekufa, kilio sasa ni chao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanamlilia, na kila mmoja alitaka kumpa kilicho kikubwa kuliko vyote. Angélique aliwatazama akaona neno la mama yake linashindwa mara ya pili.

Papa Banza alikuwa amesimama nje ya ua, kama miaka hii yote mitatu. Wote walimgeukia, maana yeye ndiye mkubwa, na hasira yake inajulikana. Aliingia. Aliuliza swali moja: "Tanki liko je?" Mtu akaenda kuligonga. Akarudi akasema limeshuka, na wageni hawajaanza kufika.

"Basi sikilizeni," Papa Banza alisema. "Huyu mwanamuke alinikatalia siku ya mudogo wangu. Sijamusamehe. Kesho kutwa nitamuzika na sijamusamehe. Lakini kesi yangu iko na Fortunée. Na maji sina kesi." Akanyoosha mkono kwa Papa Blanchard. "Leta ufunguo."

Alikwenda mwenyewe, akafungua kufuli, akasukuma mkono wa freni juu. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na mashine haikukawia. Papa Banza alirudi uani, akakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia mdogo wake, akaomba kikombe cha maji. Angélique alimletea. Aliyanywa yote. Kisha akajifunika uso kwa kofia, akalia, na wazee wakamwacha alie.

Mama Fortunée Kalenga anawaacha watoto wake Angélique na Doudou, wakwe zake na wajukuu zake. Wadogo zake Nicolas na Fanny, aliowalea kama watoto wake. Shemeji yake Papa Banza na ukoo wote wa Mwamba. Komite ya upepo, na nyumba zote za Katumbwe, zenye sauti moja moja. Ametanguliwa na mume wake Emile na binti yake Mamie, na kaburi lake limechimbwa kati ya yale mawili.

Familia inawashukuru. Ombi letu ni moja tu. Mkimaliza kutupa udongo, mtatafuta pa kunawa mikono, kama ilivyo desturi yetu. Wengine watataka kushuka mtoni. Msishuke. Robine za maji ziko pale chini ya mnara, zimefunguliwa.

Maji yapo, Mama. Pumzika kwa amani.