Mwenye Shuka Upande wa Kushoto

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, mpiga picha wa sokoni, na kwa kuwa mimi pia ni mpiga picha, mtanisamehe wivu ukichungulia hapa na pale.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, kifungua mimba, nami nikafuata miaka miwili baadaye, nikarithi nguo zake, sifa zake sikuzipata. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, na mwaka 1976 tukafungua studio, chumba kimoja chenye pazia la bluu, nyuma ya soko.

Mimi nilimweka kila mteja katikati, kama picha ya kitambulisho, lakini yeye alimfuata muuza nyanya mezani kwake, akamsogeza ukingoni mwa picha, mizani ikakaa mbele, na upande anaotazama akauacha mtupu, eti macho yapate pa kwenda. Watu wakamsifu, nikangoja mgema atie tembo maji, hakutia, nikachukia hadi chakula kikanishinda. Kazi yangu pale ilikuwa kushika shuka jeupe upande wa kushoto, limrudishie muuzaji mwanga shavuni, na jina langu halikuandikwa popote.

Tarehe 12 Juni 1984 alifunga ndoa na muuza vitunguu ambaye, nalisema hadharani, alikuja kwangu kwanza kupiga picha ya pasipoti, wakajaliwa mabinti watatu, wote wabishi kama baba yao.

Agosti mwaka jana alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, na tarehe 9 mwezi huu nilimwambia waziwazi kitandani kwake kwamba katika picha zake zote mimi simo. Akanijibu, "Umo, mdogo wangu. Tazama machoni mwao." Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Jana nilichukua kioo cha kukuzia, nikamtazama muuza nyanya pichani, na ndani ya jicho lake nikaona mraba mdogo mweupe, shuka langu, na juu yake kichwa changu, nimenuna. Nimepitia picha arobaini na moja, na kote nimenuna.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na ninyi wafanyabiashara mliofunga meza zenu leo. Picha hii iliyo mbele ya jeneza niliipiga mimi mwezi Mei, na ndiyo ya kwanza ambayo sikumweka mtu katikati. Wivu bado ninao, kaka, lakini upande unaotazama nimekuachia nafasi, pumzika humo kwa amani.