Eberhard Haizmann na Wiki Mia na Nne

Siku alipoambiwa kwamba hatapona, Eberhard Haizmann alimwita binti yake Annegret jikoni, akampa agizo moja kuhusu maneno yanayosomwa leo kwenye mazishi yake. "Msinipake vanishi," alisema. "Vanishi huficha ufa miaka miwili. Mwaka wa tatu, ufa hurudi na mwenzake." Familia imelitii agizo hilo. Haya ndiyo maisha yake, mema yake pamoja na kosa lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 hapa kijijini Hagenschwand, katika chumba kilicho juu ya karakana, akiwa mtoto wa pekee wa seremala Gottlob Haizmann na mkewe Pauline. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mkunga alifika juu na maranda yamejaa kwenye viatu, na kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto duniani ilikuwa ya msumeno, kwa kuwa Gottlob hakuona sababu ya kuuzima.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1958 hadi 1966. Alikuwa mzuri wa hesabu, na aliadhibiwa mara mbili kwa kuchonga dawati. Baada ya hapo akawa mwanagenzi wa useremala kwa fundi mmoja wa bonde la jirani, akafuzu mwezi Juni 1969. Sanduku la mwaloni alilolitengeneza kwa mtihani lipo mpaka leo. Mkewe, Irmtraud, anawekea viazi.

Desturi ya mafundi wetu inajulikana. Aliyefuzu, asiye na mke wala mtoto, ambaye hajatimiza miaka thelathini, huvaa suti nyeusi ya kodurai na kofia pana, akaenda kufanya kazi ugenini miaka mitatu na siku moja. Muda wote huo hasogei kwao ndani ya kilomita hamsini. Eberhard alikuwa ameshanunua kofia. Angeondoka Jumanne tarehe 4 Aprili 1972, mara tu baada ya Pasaka. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Gottlob alipigwa na kiharusi kando ya mashine ya randa.

"Subiri mpaka nisimame," baba alisema.

Kiangazi baba akasimama. "Subiri tumalize madirisha ya shule." Madirisha yakaisha. "Subiri mpaka Krismasi." Hakusema Krismasi ya mwaka gani. Kofia ikakaa juu ya kabati, naye Eberhard akakaa chini yake. Hakufungwa kamba. Wapo watu hufungwa kwa neno la upole, na neno la upole halina fundo la kufungua.

Tarehe 17 Mei 1980 alimwoa Irmtraud Faißt, aliyekuwa akiuza katika duka la mikate karibu na kanisa. Kabla ya kukubali, Irmtraud alimuuliza waziwazi, "Unanioa mimi, au unaiaga ile kofia?"

"Yote mawili kwa mkupuo."

"Basi ishushe."

Hakuishusha. Walijaliwa Annegret mwaka 1981 na Volkmar mwaka 1984. Gottlob alikuwa amefariki tarehe 2 Novemba 1983, na siku ya mazishi mwanawe alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke, na mtoto. Barabara ilikuwa imekwisha. Jumapili, hewa ikiwa safi, Eberhard alipanda kilima cha nyuma ya nyumba kutazama milima ya Uswisi. Alisimama hapo mpaka Irmtraud amwite: "Eberhard! Milima haiendi popote, kahawa inapoa!"

"Hata mimi siendi popote," alijibu, na kila mtu alicheka, kwa sababu alisema kila Jumapili.

Kazini hakuwa na mpinzani. Alipata cheti cha fundi mkuu mwaka 1978. Milango ya kanisa hili mliyoingilia leo ni yake, na tangu mwaka 1991 haijawahi kulia. Vijana wa bonde walipoacha kutaka kushika randa, na shule ya ufundi ya mjini ilipofungua darasa la wanafunzi kutoka nchi za nje mwaka 2014, Eberhard alikuwa fundi wa kwanza kuwapokea. Wanane walipita mikononi mwake, kutoka Vietnam, Moroko, Kirgizia na Georgia. Baani wenzake walimtania.

"Eberhard, siku hizi una karakana au Umoja wa Mataifa?"

"Mwanao yuko wapi saa hizi?"

"Amelala bado."

"Wangu wameshapiga randa milango miwili."

Siku ya kwanza aliwafumba macho wote kwa kitambaa na kuwapa vipande vya mbao wavinuse. Wengi walikosea. Tamta Burduli kutoka mji wa Ozurgeti, Georgia, aliyeanza tarehe 1 Septemba 2020 akiwa na miaka ishirini na mitatu, alinusa kipande kimoja akatabasamu. "Mti wa jozi. Kwetu tunaula na kuku."

"Mnakula mbao?"

"Kokwa zake, Fundi. Mbao tunawaachia Wajerumani."

Eberhard alimpenda tangu hapo. Na yeye ndiye aliyemkosea.

Mwanagenzi huandika katika daftari kila wiki alichojifunza, na fundi wake husaini. Bila saini hizo, chemba ya mafundi, yaani chama chao rasmi, haimpokei kwenye mtihani. Kwa mgeni kuna la zaidi: kibali chake cha kuishi hapa kimefungwa kwenye mkataba wa karakana. Mkataba ukifa, kibali kinakufa nao. Eberhard alisaini wiki ishirini na moja za kwanza bila kuchelewa hata moja. Ndipo, mwishoni mwa Januari 2021, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa wa Pakinsoni. Eberhard alimwambia mkewe, na akamwambia Tamta kwa sababu hakuwa na njia ya kumficha. Wateja hawakuambiwa. Kuanzia hapo kila kiungo chembamba cha mbao kilichotoka katika karakana ile kilikatwa na Tamta, na aliyepewa shukrani alikuwa Eberhard.

"Fundi, daftari langu."

"Liweke hapo. Wiki ijayo."

"Ndivyo ulivyosema wiki iliyopita."

"Na wiki ijayo bado inakuja, au siyo?"

Alijua alichokuwa akifanya. Bila saini Tamta hafuzu, na asipofuzu haondoki. Tamta naye alikwisha kupiga hesabu yake. Akishtaki, chemba italeta mkaguzi. Mkaguzi ataona mkono. Karakana itafungwa, na mkataba wake utakwenda nayo. Aliamka, akapiga randa, akala dengu na tambi mezani pa watu wawili waliomwita mwanetu, akanyamaza. Miaka miwili. Baadaye alimwambia Annegret, "Mlango ulikuwa wazi siku zote. Ila nje ya mlango hapakuwa na sakafu."

Siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani ilikuwa Jumatano tarehe 1 Februari 2023. Jumamosi iliyotangulia, Irmtraud alikuwa akitafuta kiberiti katika droo ya meza ya kazi ya zamani ya Gottlob. Alikuta daftari. Akahesabu kurasa. Wiki mia na nne hazikuwa na saini.

"Eberhard, hii ni nini?"

"Karatasi."

"Karatasi za nani?"

"Nitasaini."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Irmtraud aliliweka daftari juu ya meza ya jikoni, mbele yake. "Sauti hiyo naijua," alisema. "Mwenye sauti hiyo tulimzika mwaka themanini na tatu."

Jumapili tarehe 29 Januari, mtu ambaye hakuwahi kushika hata penseli siku ya Bwana alikaa jikoni saa mbili asubuhi, akavaa miwani. Tamta aliitwa akaketi upande wa pili.

"Siwezi kusaini nisichokisoma," Eberhard alisema.

"Miaka miwili hukutaka kusoma," Irmtraud alisema, "leo ndiyo macho yamefunguka?"

Lakini alisoma. Alipofika wiki ya sitini na tatu alikwama. Palikuwa pameandikwa: Fundi alikata viungo vya ngazi, mimi nilishika mbao. Akafungua wiki ya sitini na nne, ya sabini, ya themanini na mbili. Fundi alikata. Fundi alipima. Fundi alirekebisha. Mwanamke aliyefungiwa daftari lake alikuwa ameificha aibu ya aliyemfungia, humo humo ndani ya daftari.

"Si kweli haya," alisema.

"Mkaguzi angesoma, Fundi."

"Si kweli. Ulikata wewe."

Alifuta. Juu ya kila mstari wa namna hiyo aliandika kwa mkono wake unaotetemeka: Alikata yeye. Kisha akasaini. Ilimchukua mpaka saa kumi na moja jioni, akipumzisha mkono katika maji ya moto. Ugonjwa ule huufanya mwandiko kuwa mdogo. Saini ya kwanza ilikuwa na urefu wa kidole, ya mwisho ilikuwa kama sisimizi. Alipomaliza alisema, "Nimekufanyia alichonifanyia baba yangu."

"Baba yako alikuwa na kiharusi," Tamta alisema. "Wewe ulikuwa na akili zako timamu."

"Ndiyo."

Hakutaka familia iongeze neno hapo. Aliyefungwa zamani hapewi ruhusa ya kufunga wengine; anapaswa kuwa wa mwisho kushika kufuli, maana uzito wake anaujua. Marehemu alilijua hilo akalivunja. Na alilirekebisha mwenyewe, akiwa hai, mchana, mbele ya mashahidi. Wengi wetu hatufiki hapo.

Jumatatu Irmtraud alimpeleka Tamta mjini. Karani wa chemba alipekua, akainua macho. "Hizi za mwisho ni saini kweli?"

"Ni za mume wangu," Irmtraud alisema. "Zihesabu, usizipime."

Tamta alifuzu tarehe 14 Julai 2023. Kazi yake ya mtihani ilikuwa meza ya kuandikia ya mti wa jozi, ambayo droo yake hufunguka pande zote mbili. Eberhard aliivuta upande mmoja, akazunguka akaivuta upande wa pili, akaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa," alisema. "Humu hakifichwi kitu." Tamta alibaki mpaka kazi za wateja zikaisha, safari hii kwa hiari yake, na karakana ikafungwa tarehe 30 Septemba. Kisha akatangaza kwamba anaingia barabarani, miaka mitatu na siku moja. Mafundi wenzake waliamua kwamba kwao Tamta pahesabiwe mahali alipojifunzia kazi. Kilomita zake hamsini zikapimwa kuanzia Hagenschwand.

Eberhard aliishusha kofia ya mwaka 1972, akaifuta vumbi, akampa.

"Hapana, Fundi," Tamta alisema taratibu. "Hii ni kofia ya mtu aliyebaki. Nimenunua yangu."

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, kama desturi inavyotaka, Tamta alipanda juu ya kibao cha jina la kijiji, akarukia upande wa pili mikononi mwa wenzake, akaenda bila kugeuka nyuma. Eberhard alikuwa kando ya barabara kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa miguu haikuweza tena kumsimamisha muda mrefu. "Asigeuke," alikuwa akinong'ona. "Asigeuke." Hakugeuka.

Mwaka jana, majira ya vuli, kumeza kulianza kumshinda. Februari alipata homa ya mapafu, akakataa kupelekwa hospitali. Siku zile za mwisho Annegret alitaka kumpigia simu Tamta, kwani msiba hufungua mpaka wa kilomita hamsini, na wenzake wangemruhusu.

"Msimwite," Eberhard alisema.

"Baba, ataumia."

"Aumie huko huko. Akirudi kwa ajili yangu nitakuwa nimemshika tena."

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika chumba kile kile alichozaliwa. Chini yake karakana ilikuwa kimya. Ile kofia imo naye ndani ya jeneza, aliiomba mwenyewe.

Ameacha mjane, Irmtraud, binti yake Annegret na mwanawe Volkmar, wajukuu watatu, na wanagenzi saba ambao mnawaona wameketi safu ya pili, wengine wamesafiri tangu jana. Wa nane hayumo. Kadi yake ya mwisho ilitoka Denmaki: "Ninaezeka paa la shule. Mvua ya huku inanyesha kwa ubavu. Mwambieni Fundi mkono wangu umetulia." Barua ya kumjulisha itatiwa posta kesho, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Kwa saa hii yuko juu ya paa, mbali kuliko milima aliyokuwa akiitazama Eberhard, na hajui kitu. Ndivyo alivyotaka marehemu.

Mungu ampe Eberhard Haizmann mapumziko ya mtu aliyefungua mkono.