Injini ya Lokosang Inazoezwa

Kijiwe cha bandarini Juba ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mafuta, chini ya kibanda cha nyasi cha Teresa muuza kahawa, na ubao wenyewe umepinda katikati kwa uzito wa maneno. Ulikuwa mwaka wa pili tangu amani ipatikane. Watu walikuwa wamerudi kutoka Uganda na magodoro, na cherehani, na kila mtu na ujuzi wake wa kila kitu. Hapo mbele, mashua ya Lokosang ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kigingi, injini inanguruma taratibu, tuk, tuk, tuk, na haiendi popote. Ilikuwa ikinguruma hivyo kila siku tangu mwezi uliopita.

Lokosang alikuwa fundi kweli, si wa mdomo. Injini ile aliinunua mbovu kutoka kinu cha posho huko Yei, akaifumua yote, akaitia pistoni mpya na ringi mpya, akaifunga tena mwenyewe, na sasa alikuwa akiizoeza kabla ya kuipa kazi. Lakini alikuwa na deni la maneno. Mkewe Susan alikwenda Mongalla, kaskazini kwa njia ya mto, kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza, na siku ile ya kumsindikiza, Lokosang alimwambia baba mkwe mbele ya watu: binti yako hatarudi kwangu kwa lori wala kwa miguu, nitamfuata mwenyewe kwa mashua yangu. Mtoto alishazaliwa, msichana, akaitwa Poni. Baba yake alikuwa hajamwona hata ukucha.

Alikuwa ameinama juu ya injini, akinyoosha mkono kuongeza moto kidogo, aliposikia kelele kutoka kijiweni.

— Wewe! Usiguse! Ngoja mpaka injini yenyewe nakohoa!

Huyo ni Romano. Wanamwita Kampala, kwa kuwa hajawahi kumaliza hadithi bila kuutaja mji huo.

— Mimi naona na macho yangu, kule mji ya Kampala, alisema. Basi mpya ya Mhindi. Wiki mzima iko nasimama tu, nanguruma. Mhindi yeye nakaa pembeni, nakunywa chai. Haraka haraka haina baraka, bwana.

— Na hiyo basi ilidumu? Lokosang aliuliza.

— Hiyo mimi sijui. Sisi nahama. Lakini nanguruma vizuri sana.

Albino aliweka kikombe chini. Huyu wanamwita Hakimu. Zamani alifagia mahakama, na maneno ya mle ndani yakamganda.

— Kwa upande yangu, alisema, shauri ni nyingine. Injini ni mgeni. Imetoka Yei, haijui mto, haijui wewe mtoto ya nani. Umetaja majina ya babu zako kwake?

— Injini haina masikio, Hakimu.

— Basi mbona inanguruma? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Injini ipumzike, wewe upone.

— Mgeni siku mbili, alidakia Teresa akimimina kahawa ya tangawizi kutoka jabana, birika lake la udongo, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo mbona hamtaji?

— Teresa, mambo ya chuma si mambo ya jabana, akajibu Hakimu, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Lokosang alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Kule Butiaba, ziwani huko Uganda, alikofundishwa kazi na mzee Igga, aliambiwa wazi: injini iliyofumuliwa ni kama ng'ombe wa plau. Mfunge jembe jepesi, mpeleke shamba, mrudishe, kesho umwongezee. Ukimfungia zizini anaharibika. Alijua hayo. Alijua pia kwamba moshi uliokuwa ukitoka ulianza mweupe na sasa umekuwa wa buluu, dalili kwamba injini inakunywa oili kwa kukaa bure. Lakini mashua yake ya kwanza iligoma katikati ya mto, ikasukumwa na maji mpaka kwenye matete, na aibu ile bado ilimwasha. Mara hii ndani watakuwamo mke na mtoto. Aliogopa, basi. Na mtu mwoga akisikia watu watatu wanamwambia ngoja, huona wana hekima.

— Hebu sikiliza habari, alisema Gune, ambaye wanamwita Redio, maana husema kama anasoma taarifa. Habari yenyewe hii. Injini hii maisha yake yote iko kwa kinu. Nasimama mahali moja, nasaga. Leo wewe naambia yeye kwenda Mongalla. Yeye anajua Mongalla? Ndiyo sababu mimi nasema lete gunia ya dura, weka karibu, yeye asikie harufu ya nyumbani.

— Nimeweka tangu Jumatatu, alisema Lokosang kwa sauti ndogo.

Na kweli gunia la mtama lilikuwepo, limeegemezwa kwenye injini. Kuku wote wa bandarini walikuwa wamehamia mashuani.

— Na moshi? aliuliza Kampala.

— Wa buluu.

— Kweis, vizuri! Buluu ni rangi ya mbingu. Injini nafurahi.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Hakimu aliongeza, na wote wakatikisa vichwa kama kwamba neno lile limetatua jambo.

Stima iliyotoka kaskazini ilikuwa imetia nanga muda si mrefu, na abiria walikuwa wakipita na vikapu na mikeka. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni na furushi la nguo kichwani, aliingia kibandani akaomba maji ya kunywa. Wanaume walimsogezea mwisho wa ubao bila kumtazama. Walikuwa wamefika pazito: Redio alitaka injini ipigiwe ngoma ya mavuno, Kampala akasema hapana, kule mjini Kampala injini hupigiwa wimbo wa kanisani.

— Hiyo mashua nafanya nini? aliuliza yule mwanamke.

— Tunazoeza injini, mama, alijibu Hakimu.

— Mbona iko na kuku?

— Hiyo ni sehemu ya matibabu.

— Mkimaliza, inakwenda wapi?

— Mongalla. Mke ya fundi amezaa kule. Lazima arudi kama malkia, si kama gunia. Sisi hatutaki haraka.

— Na yeye mke, anasemaje?

— Yeye nangoja. Mke mzuri yule. Subira huvuta heri.

Kule mashuani, Lokosang aliisikia ile sauti. Aliinua kichwa kwa nguvu, kikagonga ubao wa paa la mashua.

Mwanamke aliweka kikombe cha maji chini.

— Huyo mke ni mimi, alisema. Nimekuja na stima. Sasa nyinyi naizoeza iende wapi?

Kampala alifungua mdomo, akautafuta mji wake, hakuupata. Redio hakuwa na habari.

Lokosang aliruka ukingoni. Aibu ilimjaa mpaka shingoni, na furaha nayo ilikuwa imejaa papo hapo, hajui ashike ipi. Alinyoosha mikono.

— Nawa kwanza, Susan alisema.

Alinawa mtoni, akajisugua kwa mchanga, akaja. Alipopewa Poni, alimshika kwa viganja viwili, akaomba radhi tu, — Malesh, Susan. Malesh. Nilikuwa nakuja.

— Baba naye nasema hivyo. Kila jioni yeye nakaa ukingoni na watu yake, naambia wao mkwe wangu nakuja na mashua. Mimi siwezi tena kuangalia.

— Kwa hiyo amejua umekuja kunifuata.

— Hajui. Mimi naambia yeye nakwenda Juba, soko ya Custom, kununua sabuni ya mtoto.

Kisha akaingia mashuani, akafukuza kuku, akaketi juu ya gunia la dura.

— Baba bado nangoja wewe, alisema. Twende Mongalla, kuchukua mimi.

Lokosang alimrudishia mtoto, akaenda kufungua kamba.