Mkonge wa Gundi Umezaa

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu, ambaye mtaa mzima humwita Gundi, lilijaa kabla kahawa haijachemka. Mkonge wake mdogo wa mapambo, wenye majani mafupi ya kijani, milia ya njano na miiba kingoni, ulikuwa umetoa chipukizi ubavuni, nalo lina milia vilevile kama mama yake. Gundi alikaa kifua mbele, utadhani ndiye aliyejifungua. Na haki yake. Mwaka jana alipolazwa kwa kiharusi, wenzake waliumwagilia maji kwa huruma hadi ukaoza. Aliporudi, mkono wa kulia umekufa ganzi, aliung'oa mmea kwa mkono wa kushoto, akakata mizizi mibovu, akauacha ukauke kivulini, kisha akaupanda upya kwenye mchanga na kokoto.

— Hamna shukrani, alisema Spana, fundi baiskeli. Milia hiyo ni kahawa yangu. Nani alikuwa anaumwagia masalia?

— Masalia yako ndiyo yaliyouozesha! alimaka Shangazi, muuza kahawa. Mimi nilikuwa nausalimia kila asubuhi. Mmea ukiheshimiwa hujipamba wenyewe.

— Wote mmepotea, alidakia Dishi, fundi redio. Njano ile ni umeme. Si mnaona nyaya zinapita juu hapa? Mwakani utawaka, tutachezea drafti mwanga wake.

— Uwake nini, alisema Shangazi, na redio yangu tu imekushinda!

Benchi likaangua kicheko.

— Jua tele, maji kidogo, chungu kiwe na tundu chini, alisema Gundi. Tangu kiharusi, maneno yalichelewa kidogo mdomoni mwake. Nyinyi mliupenda mno.

Spana akainamisha kichwa, lakini si kwa muda mrefu.

— Basi chipukizi nipe mimi nikajifunze.

— Wewe? alidakia Dishi. Labda mimi!

Wakiwa katika kuvutana, akafika mwalimu aliyehamia mtaani majuzi, kiatu mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, alisema mwalimu akionyesha chipukizi, huyo mtoto nani atamtenga na mama yake?

Walitazama miiba, wakatazama kisu cha kukatia ngozi. Tangu augue, wao ndio waliomkatia Gundi kila kitu. Spana akanyoosha mkono.

— Lete nikusaidie, fundi.

— Kaa chini.

Gundi akakiweka kisu kwenye mkono wa kulia. Vidole vilikataa kwanza, kisha vikajikunja polepole kwenye mpini. Kisu kikapenya udongoni. Shangazi akafumba macho. Chipukizi likaachia, mizizi yake yote salama, na Gundi akalikamata kwa mkono uleule na kuliinua juu.

— Fundi, unatoka damu! alisema Spana.

— Mwiba umenichoma, alisema Gundi, machozi yakimlenga, akicheka. Jamani, umenichoma, na nimesikia!