Kiti ya Pili

Bandugu ba shirika yetu ya sala, munikubalie niongee nikiwa nimeikala. Magoti bado haina nguvu.

Munanijua, miye njo ule papa anafundishaka gitare ya classique, kule ku mutaa wa Bel-Air. Zamani, siku ya posho, kila mwisho wa juma, batoto balikuwa banajaa salon mpaka ku barza. Kisha moya akaenda kupiga kinanda ya synthé ku kanisa, mwingine akaniambia wazi asema ile muziki inamulalisha. Nikabakia na mwanafunzi moya tu, papa wa pension, alitumikaka ku reli. Yeye alikuwa anapiga sauti ya pili ya gitare, miye ya kwanza. Kulikuwa fasi moya katikati ya wimbo, pale alikuwa anachelewa kila mara, na tulikuwa tunacheka. Akakufa. Hata ku matanga yake sikufika.

Nikabakia ku nyumba, nikaikala peke yangu mbele ya kiti yake, nikapiga sauti ya kwanza. Bandugu, nabaambia kweli: ile ya pili ikaitika. Na pale pa kuchelewa, ikachelewa.

Nilifurahi. Njo mubaya yote, nilifurahi. Nikafunga mulango na rideau ya madirisha. Mukikuja kubisha, nilikuwa nanyamaza, juu nisimukatishe ule marehemu. Batoto yangu bakipiga telefone, sikuitika. Bukari, ile ugali yangu, ilikuwa inapoa na kukauka ku sahani, mwili ikaisha. Siku moya, pale katikati, nikasikia yeye hachelewe tena. Miye njo nachelewa.

Kesho yake nilisahau kufunga mulango. Mama moya akaingia, ule anauzishaka makala ya kupikia mbele ya kipango ya nyumba yangu. Akaniuliza polepole:

“Papa, ule mwanafunzi wako, juu ya nini hatokake? Namusikia kila siku, sijamuona akiingia.”

Wakati wote nilizania ile sauti ya pili iko ndani ya kichwa yangu tu. Nikamujibu asema hakuna muntu. Akaangalia kiti. Hakukimbia, hakulalamika. Akapanguza mikono ku kikwembe alifunga ku kiuno, akaikala pale pale.

“Basi unifundishe miye,” akasema. “Ye atatafuta fasi ingine.”

Nilikasirika, nilitaka hata kumusukuma. Nikapiga sauti ya kwanza. Hakuna kilichoitika. Njo nikalia, bandugu, sawa mutoto.

Aksanti kwenu bote mulinipikia, na mukabisha hata kama sikufungua. Miye nilijifunza hivi: kama bantu banaacha kintu unapenda, usijifungie nayo. Kiti usipoipa muzima, kuko mwingine anaona iko wazi.

Na aksanti kwa mama, iko pale nyuma anaficha uso. Anapiga mubaya, munisamehe, makala ilisha kukomaza vidole. Lakini akipiga, namusikia anapumua. Ule mwingine, wakati yote tulipiga naye, sikumusikia akipumua hata mara moya.