Mvinyo Niliokataa Kuutema

Nililala juu ya dagaa wa watu pale mwaloni Katonga, jua la saa saba likiwa utosini, na mwanangu wa kumzaa akapita hatua mbili kutoka nilipo akasema hanijui.

Naanza hapo, ndugu zangu, kwa sababu nikianza mwanzo nitaona aibu njiani niparuke. Dagaa walikuwa wameanikwa, nikawaangukia, nikashindwa kuinuka. Wanawake wakakusanyika. Mmoja akasema, "Si ndiye yule aliyekuwa anaonja mawese Ujiji?" Mwenzake akamjibu, "Mawese ameshayamaliza. Sasa anaonja mchanga." Wakacheka. Mwanangu Editha alikuwa amekuja kununua samaki na mwenzake wa kazini, mimba yake ya kwanza imeshaonekana. Yule mwenzake akamuuliza, "Huyu mama mbona mnafanana?" Editha akasema, "Simjui. Tupite huku, hapa kunanuka." Nilisikia kila neno. Mlevi anasikia, nawaambia, ni mdomo tu unaokataa kujibu.

Mwenyekiti amenikumbusha kwamba kanuni ya kikundi chetu cha walioacha pombe ni kutotaja mtu kwa lawama. Nimeishika kanuni hiyo miezi yote niliyokaa hapa Buzebazeba nikiwasikiliza ninyi. Leo nitamtaja mmoja, na mwenyekiti anisamehe. Niliishia darasa la nne. Haya nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari ili hasira isinipoteze njia, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole.

Kabla ya hayo yote, kazi yangu ilikuwa ulimi. Wachuuzi wa mawese walikuwa wananiletea kijiko, nafumba macho, naonja, nawaambia: haya yametoka Mwandiga, haya chikichi zake zililala siku nyingi kabla ya kupikwa, haya mmechanganya msitake kunidanganya. Nilikuwa sikosei. Pombe sikuijua hata harufu yake vizuri. Mume wangu hakuwa mnywaji, na alipofariki nikabaki na Editha, nikamlea kwa ulimi huohuo.

Sasa marehemu ana mdogo wake, Filimoni. Huyo ndiye ninayemtaja. Ana duka la vinywaji Kigoma mjini. Siku moja akaja nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, ulimi wako unateseka bure kwenye mawese. Njoo unionjee mvinyo." Alitaka kuuza mvinyo mwekundu kwenye mahoteli na kwa hawa watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoani. Lakini alitaka mvinyo mchanga, wa mavuno ya mwaka huohuo, kwa kuwa bei yake ni nafuu, na mchanga mbaya unaharibikia dukani. Akataka mtu wa kumwambia upi utadumu na upi hautadumu.

Siku ya kwanza mezani palikuwa na mivinyo mitatu. Mmoja wa Hombolo, mmoja wa Chamwino, wa tatu wa Afrika Kusini. Mama aliyetengeneza ule wa Hombolo alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Dodoma, mama mwema, yeye sina neno naye. Akamimina, akaonja wa kwake mbele yangu, kisha akanisogezea glasi. Halafu akaweka ndoo ndogo miguuni pangu. "Unazungusha mdomoni, unatema humu," akasema. "Ukimeza, wa tatu hutaujua."

Ninyi mliozaliwa huku mnajua nilichoona. Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, ili wewe mgeni ujue hakuna ubaya ndani. Mtu ameshakunywa mbele ya macho yako, ameshajitoa, halafu wewe unachukua cha kwake unatema? Huko ni kumwita mchawi nyumbani kwa watu. Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kukutemea."

"Hunitemei mimi, unatemea ndoo."

"Ndoo haikutengeneza kitu, mama."

Akacheka, akamwangalia Filimoni amsaidie. Filimoni ni Muha kama mimi, hakuna mila ya kwetu asiyoijua. Angeweza kuniambia, shemeji, hapa ni kazini, tema. Badala yake akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka chini ya meza. "Shemeji yangu ni mtu wa heshima," akasema. "Hatemi cha mtu." Yule mama akasema huo ndio utaratibu wa kazi. Filimoni akamjibu, "Utaratibu wa Dodoma. Umefika Kigoma."

Nikameza. Na sitawadanganya, niliujua mvinyo siku hiyohiyo. Wa Hombolo uliuma pembeni mwa ulimi kama ukwaju, lakini nyuma yake kulikuwa na harufu ya mapera yaliyoiva. Wa Chamwino ulikuwa mzito, ulikausha fizi kama umeng'ata ndizi mbichi, nikasema huu bado una hasira, upeni miezi. Wa Afrika Kusini ulikuwa laini, mtamu mwanzoni, halafu ukapotea kama mgeni asiyeaga. Filimoni akaandika yote. Yule mama akanishika mkono, akasema hajawahi kusikia mtu akisema hivyo bila kusomea. Nilirudi Ujiji nimevimba kichwa kwa sifa. Na kwa glasi tatu.

Ikawa kila wiki. Wauzaji walipenda kusikia kwamba kwa Filimoni kuna mama hatemi, wakamletea mzigo wao yeye kwanza. Glasi tatu zikawa sita. Ikafika mahali naamka asubuhi mikono inacheza. Nikamwambia, "Shemeji, mikono inatetemeka." Akasema, "Hiyo ni njaa. Onja huu, utatulia." Nikaonja, nikatulia kweli. Tangu siku hiyo nikawa nahitaji kutulizwa.

Na siku moja mlango wa stoo ulikuwa wazi, nikamkuta anaonja peke yake. Akazungusha mdomoni, akatema kwenye karai, akasukutua kwa maji. Akageuka akaniona. "Nina vidonda vya tumbo, shemeji," akasema. Mimi nikampa pole. Nimeyaandika hayo mara mbili kwenye daftari, nikakata, nikayaandika tena. Nilimpa pole.

Mwisho ulimi ukafa. Walikuja wageni, nikaonja, nikasema ule wa Hombolo ni wa Afrika Kusini. Wakatazamana. Filimoni akanitoa kazini saa ileile, halafu akaenda kwa Editha, akamwambia, "Mama yako nilimpokea akiwa mlevi tayari. Nilimsitiri kwa ajili ya kaka yangu, sasa nimeshindwa." Editha alikuwa ameshaolewa, hakuona nilivyoanza, akamwamini. Kwa nini asimwamini? Ni baba yake mdogo, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pake nanuka.

Nami nina fungu langu. Nilipokosa mvinyo, gongo niliitafuta kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Ndivyo nilivyofika Katonga.

Wale dagaa niliowaangukia walikuwa wa Bi Asha. Wengine mnamfahamu, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na kusema kwake ni kwa kule. Alifika nikajua leo napigwa. Akanisimamia kichwani. "Wewe mama, simama. Dagaa umeisha kuvunja, sasa na wewe unataka kuvunjika?" Nikamwambia nitamlipa. Akasema, "Utalipa na nini, na nywele?" Akaniingiza ziwani na nguo zangu, akaniosha kama mtoto, akanipeleka kwake. Kesho yake akanipeleka zahanati, maana nilianza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Muuguzi akasema Bi Asha ameniwahi, wanaoachishwa ghafla nyumbani wengine hufa.

Wiki ya tatu nikiwa kwa Bi Asha, aliniwekea vibakuli vitatu vya mawese. "Wewe si ulikuwa mwonjaji? Onja." Nikafumba macho. Cha kwanza maji. Cha pili maji. Cha tatu maji. Ndugu zangu, sikulia Katonga, sikulia zahanati. Nililia pale kwenye mkeka, mafuta ya kwetu yamenikataa. Bi Asha akaviondoa, hakunibembeleza. Akasema, "Basi tunaanza tena. Kijiko kimoja, kila asubuhi."

Kila asubuhi kijiko kimoja. Sikunywa tena tangu mkeka ule, kwa sababu nilijua nikinywa leo, kijiko cha kesho kitakuwa maji. Miezi ikapita. Asubuhi moja nikaonja nikafumbua macho. Nikasema, "Bi Asha, haya yana moshi. Na umechanganya ya msimu uliopita." Akaweka kijiko chini. "Mwizi amekamatwa," akasema. Mpaka leo hajaniambia kama alichanganya makusudi. Wachuuzi wa Ujiji wameanza kuniletea vijiko tena, na ninapoonja kitu chochote kisicho chakula natema, hata kama mwenyewe ananitazama.

Nawashukuru. Bi Asha, Mungu akupe maisha. Muuguzi wetu, asante. Ninyi mlionipokea siku nilizokuja hapa sina la kusema, mkaniachia kiti. Somo langu ni dogo: mwenye kazi yake akikwambia tema, tema. Heshima ina njia nyingi, si lazima ipite kooni.

Bado moja. Editha amejifungua. Nilituma mtu akamwambie nimepona, akajibu, "Baba mdogo alishaniambia, alikuwa hivyo tangu zamani. Atarudia." Mjukuu wangu simjui sura. Filimoni ameshampakata.

Mnaopita dukani kwake mfikishieni haya kama nilivyoyasoma. Filimoni, nakudai jibu. Wewe ulikuwa unatema, mimi ukaniondolea ndoo, na ulijua kwa nini siwezi kuidai. Sitaki uniombe msamaha. Nenda kwa Editha, mchana, mumewe akiwepo, umwambie kwa mdomo wako kwamba siku naingia dukani kwako mama yake alikuwa hajawahi kunywa. Usipoenda, njoo hapa mbele ya hawa, utuambie kwa nini hutaki kwenda.