Pampu Niliyoinunua kwa Kutomwamini Muuzaji

Ndugu zangu, chumba kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Dirisha lina nondo. Asubuhi nimeiacha sakafu kavu, jioni naikuta imeloa maji ya chumvi. Ni nani aliyeyamwaga?

Swali hilo lilinitesa miezi mitatu. Kwa kuwa sikupata jibu, nilijitungia jibu, na jibu langu lilimtoa mama mmoja kwenye meza ya Bwana. Jina lake Bwana lisifiwe, kwa maana leo naweza kulisimulia jambo hili mbele yenu bila kuficha.

Nianze na hali yangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangwa kufundisha baiolojia hapa Lushoto. Nilikuwa mtu wa kutilia shaka kila kitu. Mhubiri akisema Mungu ameleta mvua, nilitaka kujua kwa nini ameipeleka Mlola na kuacha kwetu. Ofisa akija kutuhimiza tuhamie kijiji cha Ujamaa, nilitaka kujua yeye anahamia lini. Kanisani nilikuja kwa sababu mwalimu asipoonekana watu husema. Nilikaa benchi la nyuma nikisahihisha mahubiri kama ninavyosahihisha madaftari. Sikuwa naomba. Niliogopa kudanganywa, ndugu zangu, kuliko nilivyoogopa dhambi yoyote.

Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa milimani. Walichora samaki wa baharini ubaoni bila kumwona hata mmoja akiwa hai. Nikaazimia kuwaletea bahari. Shuleni hapakuwa na chumba kinachofungika, kwa hiyo nikaiweka nyumbani kwangu. Fundi alinitengenezea tangi la kioo, nikaliweka juu ya meza. Chini ya meza nikaweka nusu pipa la plastiki lenye kokoto na makombe. Maji yalishuka kwa bomba kutoka ukingoni mwa tangi, yakachujwa kwenye pipa, kisha yakapaswa kurudi juu. Maji ya bahari niliyaleta kutoka Tanga kwa madumu, basi hadi Mombo, kisha basi jingine kupanda huku. Utingo alizoea kuniuliza, "Mwalimu, leo tena umeibeba bahari?"

Kilichobaki kilikuwa pampu ya kuyarudisha maji juu. Nikaenda Tanga kwa mzee mmoja aliyeuza na kutengeneza pampu na feni, aitwaye Mzee Karimu. Alinionyesha mbili, ndogo na kubwa. Nikamwambia ukubwa wa tangi langu. Akaniuliza maji yatapanda kiasi gani. Nikamwonyesha kifuani.

"Chukua ndogo," akasema.

"Kwenye boksi imeandikwa nguvu yake ni nusu ya hii kubwa."

"Binti, nguvu ya kwenye boksi wameipima maji yakiwa hayapandi popote. Kila unapoyapandisha, inapungua. Zote mbili zitapungua. Lakini hii ndogo hata ikipungua inakutosha. Hiyo kubwa itakuloanisha wewe na dari."

Nililitazama boksi la ile ndogo. Lilikuwa na vumbi. Nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba imekaa dukani muda mrefu, hainunuliki, na mzee ameona mjinga wa kumtupia. Nikasema naitaka kubwa. Hakubishana. Alipokuwa akiifunga akaniambia, "Basi mdomo wa mpira wa kupandishia maji uache juu juu kwenye tangi, usiuzamishe."

"Kwa nini?"

Alianza kunieleza. Mimi niulizaye kila kitu, siku ile sikusubiri jibu. Nilikwisha kumhesabu kuwa mwongo, na maneno ya mwongo ya nini kuyasikiliza? Nikachukua pampu yangu nikaondoka.

Nilipoiwasha nyumbani, maji yalirushwa kweli mpaka ukutani. Sikutaka kukubali kwamba mzee alisema kweli. Nikauchukua mdomo wa mpira nikauzamisha mpaka chini kabisa ya tangi, na maji yakatulia. Nikajisifu, kisha nikaleta samaki kutoka Tanga.

Nilikuwa nikiishi na mjane mmoja wa kutoka Malindi, hii ya huku kwetu milimani, Mama Naemi. Alilala chumba cha nyuma, akapika, na siku za zamu yake akaenda shamba la kijiji. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Samaki wangu aliwapenda. Alisimama mlangoni na kuwaambia, "Shikamooni wageni," kisha akaenda jikoni akicheka peke yake.

Wiki ya pili nikarudi kutoka shuleni nikakuta sakafu imeloa. Pampu inanguruma vizuri, tangi limejaa, ila pipa la chini limepungua karibu debe zima. Nikafikiri bomba linavuja. Nikakagua kila kiungo. Pakavu. Siku nne baadaye ikawa vilevile.

Ndugu zangu, mnaikumbuka chumvi ya mwaka ule. Mnaikumbuka foleni ya duka la ushirika, na jinsi mtu alivyopimiwa kijiko kwenye karatasi. Basi wazo likanijia likiwa limekamilika: Mama Naemi anachota maji yangu, anayachemsha, anapata chumvi. Yanayomwagika ni yale yanayomponyoka.

Nikaweka kufuli. Sakafu ikaloa. Nikanyunyiza unga kizingitini nione nyayo. Jirani akaniona akasema, "Mwalimu, siku hizi unaagua?" Jioni unga haukuwa na unyayo hata mmoja, na ndani kuna maji. Mtu mwenye akili angejiuliza upya. Mimi nilisema ana ufunguo wa pili, na amejifunza kuuruka unga. Mtazameni msomi wa chuo kikuu! Ushahidi ulikuja mbele yangu mara mbili nikaufukuza, kwa sababu nilikwisha kumpata mtu.

Kisha nikakuta kitambaa cha kudekia kimeanikwa uani, kigumu kama ngozi, kimeganda chumvi. Nikamfuata jikoni nacho mkononi.

"Mama, unayachota maji yangu."

"Maji gani, mwanangu?"

"Ya bahari. Unayachemsha upate chumvi."

Alinitazama, akadhani natania. "Mwalimu, mimi nile chumvi walimojisaidia samaki?"

"Hiki kitambaa je?"

"Maji yalitoka chini ya mlango wako. Nikayadeki ili usirudi ukakasirika. Nimefanya hivyo mara tatu."

"Na hukuniambia?"

"Ungesema ni mimi," akasema. Akarudi kwenye mboga zake.

Nilimpeleka kwa wazee wa kanisa. Nilitaka aseme kweli mbele ya watu. Jumapili baada ya ibada wazee wakakaa kwenye chumba cha nyuma, yeye akaitwa kwanza, mimi nikaambiwa ningoje nje kwenye benchi. Nilingoja muda mrefu. Nilipoitwa ndani, Mzee Shemdoe akasema, "Mwalimu, sikiliza." Mama Naemi akasimama, mikono imekunjwa mbele, akasema, "Nimekosa. Nimechukua maji ya mwalimu. Naomba mnisamehe."

Akatengwa na Meza ya Bwana na kuondolewa kwenye kwaya. Kesho yake akafunga mzigo wake akarudi kwa kaka yake Malindi. Aliniaga kwa adabu. Nami nikalala usingizi mzito, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Siku ya sita baada ya kuondoka kwake, sakafu ikaloa.

Mnajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba anatoka Malindi asubuhi kwa siri, anakuja kunikomoa. Nilikuwa nimefika huko. Samaki nao walianza kufa, mmoja baada ya mwingine, maana maji yaliyopungua nilikuwa nikiyajaza kwa maji ya mto, na kila mara chumvi yao ikazidi kupungua. Kwa kila samaki aliyekufa nilimlaani yule mama.

Ndipo Bwana akaniangusha kwa homa. Nasema Bwana, na najua mmoja wenu pale nyuma anafikiri ni mbu, kama ambavyo mimi ningefikiri. Iwe mbu. Nilishindwa kwenda shuleni, nikalala kwenye mkeka ndani ya chumba kile cha samaki, kwa kuwa kilikuwa na joto kidogo. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Jua linawaka. Pampu ikanyamaza.

Nikainua kichwa. Nikasikia maji yanacheka ndani ya mpira. Yalikuwa yanarudi. Yale yaliyopandishwa juu yalikuwa yanavutwa kurudi chini kupitia mpira uleule, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umezama chini kabisa ya tangi, kama mtu anavyonyonya mafuta kutoka kwenye tangi la gari. Pipa likajaa. Likafurika. Maji yakatambaa sakafuni, yakafika kwenye mkeka, yakapita chini ya mlango kuelekea ukumbini. Nikasimama nikabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika.

Mchana nani anawasha taa hapa Lushoto? Mama Naemi alipikia kuni. Shuleni tulifundisha kwa mwanga wa dirisha. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi mchana kweupe na hakuna aliyejua. Baada ya muda kidogo ukarudi. Pampu ikanguruma, tangi likajaa tena, kila kitu kikawa kama kawaida isipokuwa sakafu. Kama ningekuwa shuleni ningerudi na kuuliza, ni nani?

Ni mimi. Ni mkono wangu uliouzamisha ule mpira.

Nilikaa palepale kwenye maji, nguo zimeloa, homa inanitikisa, na kwa mara ya kwanza katika utu uzima wangu nikaomba. Sikujua maneno. Nilisema, "Mungu, nitoe humu." Sikuwa na maana ya chumba. Nilikuwa na maana ya kichwa changu, mahali ambapo kila mtu ni mwongo isipokuwa mimi. Na ndugu zangu, kitu kilifunguka. Siwezi kukieleza kisayansi, na nimejaribu. Nilichojua ni kwamba ningeweza kuamka na kwenda kusema nimekosa, jambo ambalo saa moja kabla lisingewezekana.

Siku ya pili nilipanda basi hadi Malindi nikiwa bado na homa. Nilimkuta akimenya viazi nje ya nyumba ya kaka yake. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una homa wewe. Kaa kwanza unywe uji."

"Mama, ni pampu."

Nikamweleza yote, mpira, umeme, mpaka pipa. Alisikiliza huku akimenya. Nilipomaliza akauliza, "Na samaki je?"

"Wamebaki wawili."

"Maskini wageni wangu."

"Mama, kama hukuchukua, kwa nini ulikiri?"

Akakata kiazi vipande viwili. "Kikao kilikuwa kirefu, mwanangu. Na mimi nilikuwa na njaa." Wifi yake akacheka, naye akacheka, na sikuweza kupata jibu jingine.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika nikasema niliyomtenda. Sikulia kwa uzuri. Nilisema huku kamasi zikinitoka. Mama Naemi akarudishwa kwenye Meza ya Bwana, na wenzake wa sauti ya pili wakasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Akarudi pia kuishi kwangu, ingawa sikustahili hata kumwomba.

Nilikwenda Tanga. Mzee Karimu aliponiona akaingia ndani, akarudi na boksi lile lenye vumbi. "Nilijua tu utarudi," akasema. Safari hii nilimwomba anieleze, na nikasubiri mpaka akamaliza. Alinifundisha kuacha mdomo wa mpira karibu na uso wa maji, na kutoboa katundu kadogo kwenye mpira, chini kidogo ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yakishuka kidogo tu, hewa inaingia kwenye katundu na kuyakatiza. Kazi ya dakika moja. Ile pampu ndogo inafanya kazi mpaka leo, na wanafunzi wa vidato vinne wamemwona kaa akihama kombe.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Namshukuru pia kwa kuwa hakuniondolea maswali. Bado nauliza, mchungaji ni shahidi. Lakini sasa nikimuuliza mtu jambo, nangoja anijibu. Wewe uliyekuja hapa kama nilivyokuja mimi, umekaa nyuma, unatusahihisha: sikuombi uache kufikiri. Nakuomba umpe Mungu na jirani yako nafasi ya kumaliza sentensi. Yupo, na ni mwaminifu. Jaribu kumtegemea kwa jambo moja tu, lile unalolifungia kwa kufuli.

Mama Naemi tulimzika mwaka jana. Tulipotoka makaburini Mzee Shemdoe alinivuta kando, akaniambia kwamba siku ile nilipokuwa nangoja kwenye benchi, mmoja wa wazee alikuwa amesema jambo hili si la kanisa: mwalimu ana madumu ya maji ya chumvi ndani ya nyumba wakati watu wanapimiwa kijiko, apelekwe wilayani akajieleze kwa nini anaficha chumvi. Wengine walianza kukubaliana naye. Mama Naemi akauliza, mtu akikiri sasa hivi, habari za madumu zitaishia humu? Wakamwambia ndiyo. Ndipo nilipoitwa ndani.